Vibonge Visivyoonekana

Msimu ambao kampuni binafsi zilianza kununua pamba kwetu, nilirudi kijijini Nkololo kwa likizo nikiwa mwanafunzi wa kemia chuo kikuu. Baba mdogo, aliyekuwa amepata uwakala wa kampuni moja, alitaka niache chuo nikawe karani wake wa mizani.

“Unasoma nini hasa?” aliniuliza mbele ya ndugu wote.

Nilimweleza kwamba zipo molekuli ndefu zenye pande mbili, upande mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia. Zikiwa nyingi majini hujikusanya kuwa vibonge vidogo mno, na pande zinazokimbia maji hujificha katikati. Macho hayavioni, hivyo tunatia rangi ambayo ikiingia humo hung'aa zaidi inapomulikwa.

Wote wakacheka. “Siku hizi ni soko huria,” akasema baba mdogo. “Nani atanunua vibonge visivyoonekana?”

“Baba, siviuzi. Nataka kuvijua.”

“Binti mkaidi wewe!”

“Ndiyo,” nikajibu, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho mbele yake.

Nilirudi chuoni. Vipimo viliharibika wiki baada ya wiki, kwa sababu vyombo vyangu vilibaki na sabuni, ambayo nayo ni molekuli za aina hiyo hiyo. Niliviosha upya, nikaanza upya. Asubuhi moja niliongeza tone jingine la zile molekuli majini, na mng'ao wa rangi uliokuwa hafifu siku zote ukapanda ghafla. Vibonge vilikuwepo. Nilipima tena, na tena, ili asije mtu akaniambia nimebahatisha.