Siku Niliyowanusa Watu Getini

Mkitaka kucheka, chekeni sasa tumalizane, kwa sababu nusu ya mtaa wetu wa Gumbo ilishacheka na ile nusu nyingine ilikuwepo ikijionea. Mimi, Mama Wani, mwanamke ambaye hata soda ikitoa povu jingi naiangalia vibaya, mimi niliyeimba kwaya tangu Nakuru, kule Kenya tulikokulia ukimbizini wakati wa vita, mpaka leo hapa Juba, nilikamatwa na chupa ya waragi ndani ya mkoba wangu, mchana kweupe, mbele ya mashabiki wa timu mbili, nikiwa mimi ndiye mkaguzi wa pombe. Haya, nimeshasema. Sasa niacheni niwaeleze ilivyokuwa, msije mkasikia ile hadithi ya uongo ati nilikuwa nayumba.

Timu yetu ya mtaa inaitwa Upepo na inacheza ligi ya chini kabisa, ile ambayo ukishushwa tena unaenda kucheza na watoto na mpira wa makaratasi. Uwanja uko hukuhuku Gumbo, umezungushiwa mabati, na geti ni moja. Msimu uliopita tulicheza na timu fulani ya Nyakuron, watu walikuwa wamekunywa tangu asubuhi, refa akatunyima penalti (ilikuwa penalti, hilo siwezi kubadilisha hata mnipige), na shemeji yangu Lado, mdogo wa mume wangu, akiwa amelewa chakari, akanyanyua kiti cha plastiki cha Mama Nakato anayeuza chapati karibu na geti, akakishusha mgongoni mwa mshika kibendera. Basi mawe yakaanza. Upande mmoja wa mabati ukalala chini. Kamisaa wa mechi, mzee mmoja Mwislamu wa jalabia nyeupe, mpole, maneno yake machache, alitusomea barua yeye mwenyewe: mechi zote zilizobaki tukacheze ugenini, na tukirudi nyumbani msimu mpya, fujo moja tu, moja, Upepo inafutwa kwenye ligi.

Kwenye kikao cha kuanza msimu wanaume wakakuna vichwa, nani atasimama getini, kila mmoja ana rafiki mlevi wa kumwonea haya. Nikashikwa na hasira, mnanijua. "Geti nipeni mimi," nikasema. "Kila mtu atanipulizia hapa puani. Anayenuka pombe haingii, hata awe nani." Wakapiga makofi. Kichwa changu kikavimba, na nikaanza kutembea mtaani nikinusa watu kabla hata ya mechi, mazoezi tu.

Lakini kulikuwa na jambo lililonibana moyo kuliko ligi. Ester, mke wa Lado, baada ya kisa cha kile kiti alibeba watoto wawili akaenda zake kwa mama yake Nimule. Alisema amechoka kulala akiwaza mume wake atampiga nani kesho. Lado akaacha pombe. Watu wakacheka, wakasema ataacha mpaka Jumamosi. Akaacha wiki, akaacha mwezi, akafikisha miezi mitatu, kazi yake ikawa kukaa kwa Mama Nakato akinywa chai moja baada ya nyingine na jasho likimtoka. Kisha akampigia Ester simu: njoo mechi ya kwanza, usimame getini, unamjua Mama Wani hana huruma, akininusa akanipitisha, turudi nyumbani. Ester akakubali. Ila alinipigia na mimi. "Mama Wani, usimfunike kwa sababu ni shemeji yako. Kama anakunywa, niambie hapohapo nigeuze." Nikamjibu, tena kwa maringo, pua yangu haijui undugu.

Sasa jino. Gego la nyuma, upande wa kushoto, lilianza siku ya Alhamisi. Kila mtu aliniambia nivuke daraja niende Thongpiny kwa daktari wa meno. Sikwenda. Ndiyo, mimi ninayefokea wanaume wazima naogopa koleo, kwani nyinyi hamna mnachoogopa? Nikasema litangoja Jumatatu, mechi iishe kwanza. Jumamosi niliamka shavu limefura kama andazi, siwezi hata kumwambia mume wangu habari za asubuhi, nikaenda kwa Mama Nakato nikiwa nimeshika uso.

"Mama Wani, wewe iko na kichwa ngumu sana," akaniambia (yeye ni Mganda, Kiswahili chake ndicho hicho, na mtu akimcheka hapewi chapati). "Ngoja. Mimi iko na dawa."

Akatoa waragi, ile pombe kali ya kwao Uganda, akachovya pamba.

"Hiyo si pombe?" nikamuuliza.

"Ni pombe kama unakunywa. Kwa jino ni dawa. Bana hapo, usimeze."

Jamani, jino lilinyamaza! Nilitaka kumkumbatia. Tukalifunga shavu kwa leso kuanzia kidevuni mpaka utosini, na leso nayo akainyunyizia kidogo ili ngozi ipoe. Hapo ningeshukuru na kwenda zangu, yote haya yasingetokea. Lakini nilijiuliza, jino likiamka kipindi cha pili nitafanyaje? Nikaomba kale kachupa, nikakatumbukiza mkobani, chini ya kitabu cha nyimbo.

Saa tisa nilikuwa getini. Wa kwanza walikuwa vijana watatu. Nikamwinamia wa mbele, nikavuta pumzi kwa nguvu, na ikanijia moja kwa moja, kali, ya kuchoma. Pombe! Wa pili, pombe. Wa tatu, pombe.

"Aki mathe, hatujaonja kitu!"

"Rudini nyumbani mkalale!"

Akaja mwalimu wa shule ya jirani, mtu wa heshima, pombe. Akaja mama mjamzito, Mungu wangu, pombe, nikamtazama lile tumbo nikatamani kulia. Jino likaanza kuamka kwa sababu ya kupiga kelele, nikajificha nyuma ya geti, nikachovya pamba mpya, nikarudi kazini. Na kadiri nilivyonusa ndivyo Gumbo nzima ilivyozidi kulewa. Haikuniingia akilini hata kidogo kwamba harufu inaweza kutoka kwangu. Mtu ambaye hajawahi kunywa atajishuku vipi? Nilichofikiria ni kwamba watu wangu wamepotea, wote, na Mungu ameniacha mimi peke yangu na pua yangu.

Waliokataliwa hawakwenda nyumbani. Walijaa nje, wakawa wengi kuliko walioko ndani, na mikono ikaanza kupiga mabati, pa, pa, pa.

"Salaam aleikum, mama." Ni yule kamisaa, na jalabia yake, na daftari lake.

"Pumua, mzee."

Alishtuka kidogo, akatabasamu, akapumua. Nikafumba macho kwa huzuni. "Hata wewe?"

"Mimi?" akasema. "Nina miaka sitini na tano, sijawahi kuionja."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Kocha wetu aliyekuwa ndani akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Wani! Huyo ni kamisaa! Bila yeye hakuna mechi!" Nikamwambia sheria ni sheria. Mzee alisogea pembeni, akafungua daftari, akaanza kuandika, na kocha akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Ndipo Lado akafika. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, na nyuma yake Ester na mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Walikuwa wametoka kituoni moja kwa moja, begi la nguo bado liko begani kwa Ester. Lado akaniinamia mwenyewe kabla sijamwambia, akapumua taratibu, kama mtu anayetoa zawadi. Nami nikavuta pumzi.

Niwaambie ukweli, pale nilitaka kudanganya. Nilimtazama Ester, nikakumbuka nilivyomjibu kwenye simu, na kile kiburi changu kikanishinda.

"Ester," nikasema. "Amekunywa."

Aliweka mtoto vizuri mgongoni, akamvuta yule mwingine mkono, akageuka kuelekea barabara ya Nimule.

"Shemeji, nusa tena," Lado akasema.

Nikanusa tena. "Usiniaibishe, Lado. Umekunywa."

Hapo umati ukachemka. "Huyu mama ana wazimu! Anatuonea! Vunja hiyo geti!" Bati la kwanza likapinda. Nikaona Lado akitazama kushoto, na nilijua anatazama nini, kwa sababu kiti kilikuwa palepale kando ya karai la Mama Nakato, kilekile, mguu mmoja umeshonwa kwa waya. Akakiendea. Akakinyanyua juu. Kelele zote zikakatika, hata mikono kwenye mabati ikasimama, na nadhani ule ukimya ndio uliomfanya Ester ageuke kule barabarani. Mimi nilijifunika kichwa kwa mkoba, nikaanza sala ya mwisho.

Kiti kikashuka polepole. Kikatua mbele yangu kwa miguu yote minne. Lado akakifuta kwa kiganja.

"Kaa, shemeji," akaniambia. "Shavu lako limefura. Unaumwa?"

Nikakaa. Akaniinamia, akanusa leso yangu, akanusa tena, na uso wake ukabadilika.

"Hii harufu naijua. Nimeishi nayo miaka kumi na tano. Haitoki kwangu, Mama Wani. Inatoka kwako."

"Ayi Mungu, dawa yangu!" Mama Nakato akapiga yowe na mwiko mkononi. "Mama Wani! Wewe bado iko na ile pamba?"

Kamisaa akasogea. "Maalesh, mama, samahani sana. Naomba kuona mkoba." Akatoa kitabu cha nyimbo, akatoa kitambaa, akatoa kachupa. Akafungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma kwa ghafla kama mtu aliyefunua sufuria ya pilipili. Kisha akakainua watu wote wakakaona.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sitaki kukisikia tena. Wale waliokuwa wakisukuma mabati walianguka wakishikana mabega. Yule mama mjamzito alikaa chini akifuta machozi, akiniita majina ambayo siwezi kuyarudia. Nilitaka kujieleza, lakini pamba ilikuwa shavuni na maneno yakatoka kama ya mlevi kabisa, wakacheka upya. Ila niliona kitu kimoja: hakuna aliyeokota jiwe. Mtu aliyejishika mbavu atarusha jiwe kwa mkono upi?

Kamisaa alingoja watulie. "Khalas," akasema. "Imetosha. Mechi itachezwa." Akachana ukurasa aliokuwa ameuandika, akauweka mfukoni mwa jalabia. "Lakini getini abadilishwe mtu. Nani hapa anaijua pombe vizuri?"

Vidole vyote vikamwelekea Lado.

Na alisimama, jamani. Hata hakunusa sana. Aliangalia mikono, akaangalia mizigo, akatoa kichupa kimoja ndani ya chupa ya chai, kingine ndani ya mkate uliotobolewa, kingine kwenye kofia ya mtoto mchanga, na kila mara alimwambia mwenyewe kwa upole, "Hii hata mimi niliifanya." Tulifungwa mbili kwa moja. Kipindi cha pili refa akatunyima penalti tena (ilikuwa penalti!), watu wakasimama wote, wakageuka kumtazama Lado getini, wakamwona amekunja mikono tu, wakaguna, wakakaa. Halikurushwa hata ganda la ndizi.

Mechi ilipoisha nilimfuata Ester. Alikuwa amekaa juu ya begi lake kando ya geti, mtoto analala. Nikamwomba msamaha mpaka nikalia, jino na aibu vyote pamoja. Nikamwambia, "Mwite, mnuse wewe mwenyewe. Pua yangu iache."

"Mama Wani," akasema, "harufu mtu anaweza kunidanganya, anatafuna karafuu tu. Lakini kile kiti nilikiona kikishuka." Akanyanyuka, akampa Lado begi, wakaenda nyumbani.

Jumatatu nilivuka daraja nikang'oa jino. Daktari akaniuliza nilikuwa naweka nini humo ndani, nikasema chumvi, na tangu siku hiyo nimeapa: nikiumwa naenda hospitali kwanza, na kabla sijamnusa mtu mwingine najinusa mimi.

Upepo bado iko kwenye ligi. Siku za mechi kile kiti kinakaa getini, Ester amekikalia na mtoto mapajani, na Lado hafungui mpaka niwe wa kwanza kwenye foleni.

"Shemeji, pumua," ananiambia, mbele ya watu wote.

Napumua.