Gari Lenu, Mzinga Wenu

Mjukuu wangu, siku nilipokwenda kuposa kule Chala, karibu na Taveta, naikumbuka mpaka shati nililovaa. Ilinirudia jana, nilipokusikia na wenzako hapa Voi mkibishana huku mkitazama simu: vifaru vya jeshi hili, makombora ya jeshi lile, nani anamtoboa nani. Wewe ukafika mpaka kusema "vifaru vyetu". Vyetu! Nilicheka peke yangu.

Siku ile tulikaa vizuri. Mbangara, ile pombe yetu ya miwa, ilikuwa tamu, na babu wa msichana alikwisha kukubali kunitazama usoni. Basi babu yangu, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akataja vita vya Mwingereza na Mjerumani. Yeye alikuwa mpagazi wa Waingereza upande wa Maktau. Mzee wa Chala, babu wa msichana, naye aliwabebea Wajerumani upande wa Taveta.

"Gari letu la chuma," babu akasema, "risasi zenu zililigonga zikaanguka kama mahindi!"

"Risasi, ndiyo. Mbona halikuusogelea mzinga wetu? Na kwenye tope, si mlilisukuma kwa mabega?"

"Tope si mzinga!"

Lo! Huyu anasifu unene wa chuma, yule anasifu uzito wa kombora, na mimi katikati jasho linanitoka. Mwishowe mzee akasimama, akasema mjukuu wake haolewi na watu wa gari la chuma. Nilimpenda yule msichana, mwanangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo nyanya yangu akaweka kibuyu chini. Kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vile vile, asirudi. Akamuuliza mumewe, "Gari lenu? Uliwahi kukalia hata kiti chake?"

Nyanya akamgeukia mwenyeji, kwa heshima zake zote. "Na wewe, mzee wangu, huo mzinga wenu ulikuachia nini?"

Mzee akashusha shuka. Begani palikuwa na kovu pana la kamba waliyokuwa wakiuvutia mzinga. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Babu yangu alilitazama, halafu akafungua vifungo vya shati. Bega lake lilikuwa vile vile, na kovu la masanduku ya risasi.

Mzee wa Chala akaketi. "Mjazieni huyu mpagazi mwenzangu," akasema. Na msichana mwenyewe ndiye nyanya yako, huyo hapo nje anaanika kunde.

Vita vya panzi, mwanangu, furaha ya kunguru. Jua vifaru vyote ukitaka, ni elimu, sikukatazi. Mimi pia napenda kujua kipi kina chuma kinene mbele na chembamba mgongoni. Lakini kabla hujasema "chetu", uliza nani anakiendesha na nani anakisukuma kikikwama. Usimvunjie mwenzako heshima kwa chuma ambacho hata funguo zake hukupewa.

Mungu akulindie mabega yako, yabebe watoto wako na mavuno yako mwenyewe. Na siku ukienda kuposa, popote pale, ukute mtu wa kukuita mwenzangu.