Kasuku wetu wa Turffontein: aligoma kula, halafu tukafika kwenye kuoga

Za Jumapili wakuu,

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachungulia simu, nikitia chumvi atanisema.

Mimi ni Mtanzania, fundi umeme, naishi Turffontein, kusini mwa Joburg. Nipo na mke wangu Rehema na binti yetu Zawadi, miaka tisa.

Nina rafiki yangu mmoja, mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi, fundi cherehani kule Yeoville. Tunamwita Papa Ilunga. Mkewe alifariki, watoto wakamwambia ahamie kwao Cape Town. Tatizo, flat ya huko hawaruhusu wanyama.

Na mzee ana kasuku. Wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Kapita. Wamekaa pamoja miaka kumi na moja.

Akaniomba nimchukue. Akanikabidhi tundu na mfuko wa mbegu za alizeti, halafu akageuka haraka kujifanya anatafuta mkasi.

Sasa wakuu, siku ya kwanza Kapita hakula.

Siku ya pili hakula. Mbegu, tufaha, mahindi ya kuchemsha, vyote anaviangalia kisha anatupa mgongo. Rehema, ambaye alisema hataki ndege ndani ya nyumba yake, ndiye akawa wa kwanza kuamka kwenda kumwangalia kama bado anapumua.

Siku ya tatu tukampeleka kwa vet. Yule dada akampima, akasema haumwi, ana huzuni tu, lakini akiendelea hivi tutampoteza. Akatuambia tusimpe mbegu tupu, tuchanganye mboga na matunda. Ila parachichi marufuku, kwa kasuku ni sumu.

Eish! Asubuhi ile ile nilikuwa nimemkatia parachichi. Yaani kugoma kwake ndiko kulikomwokoa.

Nilikuwa naogopa kumpigia Papa Ilunga kumwambia ndege wake anakufa. Nikajikaza, nikapiga.

Mzee akauliza, "Munamuwekea chakula mu tundu?"

"Ndiyo, Papa."

"Aa, ule hajue kula peke yake. Tangu mama afe, tulikuwa tunakula sisi wawili. Mumuite ku meza. Mumuambie: kuya tukule."

Kwao hiyo ni njoo tule. Basi, wakati wa chakula cha jioni tukakaa mezani. Zawadi huyu Kiswahili anakielewa, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, miaka yote. Siku hiyo akafungua tundu mwenyewe, akasema polepole, "Kapita, kuya tukule."

Kapita akatoka. Akapanda mezani anatembea kama bosi anakagua kazi, akachomoa kipande cha karoti kwenye sahani ya Zawadi, akala. Kisha akashukuru kwa Kifaransa, kwa sauti ya Papa Ilunga kabisa, "Merci, mama."

Rehema akaweka kijiko chini akalia. Mimi nikasingizia pilipili.

Tangu hapo Zawadi anaongea Kiswahili kila siku, kwa sababu ndege hamjibu akimsemesha Kiingereza. Shida ni kwamba ni Kiswahili cha Lubumbashi. Bibi yake wa Tanga akipiga simu anauliza mtoto tumempeleka wapi.

Sasa kuoga.

Vet alisema hewa ya Joburg wakati wa baridi ni kavu mno, ndege asipooga ngozi inamwasha na anajinyonyoa manyoya. Mimi nikambeba mpaka bafuni, nikamweka chini ya bomba. Wakuu, msijaribu. Alining'ata kidole, akarukia pazia la bafu, akapiga mayowe mpaka jirani yetu Mzulu, Mama Thandi, akaja kugonga mlango.

"Hawu! Mnamuua nani humo?"

Nikamfungulia nimelowa chapachapa, damu kidoleni, manyoya kichwani. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Kesho yake asubuhi Rehema alikuwa anaosha spinachi. Kapita kusikia maji yanatiririka, akashuka begani kwake, akaingia kwenye beseni mwenyewe! Akatandaza mabawa, akajirushia maji mpaka majani ya spinachi yakaganda ukutani. Siku hiyo tulikula kabeji.

Siku hizi tunamwekea beseni lake, maji ya uvuguvugu, bila sabuni, saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, ili akauke kabla baridi haijarudi. Tunafungua bomba kidogo asikie, tunakaa mbali. Anajiogesha.

Nilichojifunza: nilihangaika na nini cha kumpa, wakati ilitakiwa niulize alizoea kula na nani. Ukipewa mnyama aliyeishi na mtu, mpigie huyo mtu siku ya kwanza, usione aibu.

Wafugaji wa kasuku, karibuni mniongezee maarifa. Na naomba msaada wa haraka: kucha zake zimekuwa ndefu, Rehema anasema nikate mimi, mimi nasema akate yeye. Nyie kwenu anakata nani?