Hayakuwa Mapunye

Binti yetu wa pili alikuwa na miaka saba hivi nywele zilipoanza kupungua upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Nilikuwa mwalimu katika shule ndogo karibu na Nunguni. Mkuu wa shule alimtazama mara moja tu, akasema ni mapunye, akamrudisha nyumbani asiwaambukize wenzake.

Nilimpeleka zahanati. Dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, akamnyoa na kumpaka dawa ya buluu. Nywele ziliota vizuri, kichwa chote sawasawa, lakini zilipofikia urefu wa kushikika, palepale juu ya sikio pakabaki wazi tena. Tukanyoa tena, tukapaka mafuta ya salfa. Majirani waliwakataza watoto wao kucheza naye. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Daktari wa wilaya, mgeni asiyejua lugha yetu, alipopitia zahanati, alimgeuza kichwa kuelekea dirishani, akauliza kama kinawasha. Hakikuwasha. Akanionyesha ngozi: laini, haina magamba. Nywele zilizobaki zilikuwa zimekatika, nyingine fupi, nyingine ndefu kidogo. Mapunye hayafanyi hivyo, alisema.

“Anazing'oa mwenyewe, Mwalimu,” dresa akanitafsiria, akiangalia chini.

Nilikataa. Tungemwona, nilisema. Daktari hakubishana. Alimketisha binti yangu karibu na mlango, akaendelea na wagonjwa wengine. Baadaye akanigusa bega. Mtoto alikuwa akitazama mbuzi nje, huku kidole chake kikizungusha nywele juu ya sikio. Kisha akavuta.

Njiani nilimwuliza kwa nini.

“Sijui, baba. Mkono huenda wenyewe.”

Daktari alikuwa ametushauri tusimgombeze, tumpe kazi ya mikono. Niliona ni upuuzi. Nilimkaripia. Mke wangu akamfunga mkono kwa leso. Akatumia wa kushoto, na upande wa pili nao ukaanza kupukutika. Mkuu wa shule hakutaka kusikia maelezo yangu mpaka dresa alipokuja kumweleza mwenyewe, ndipo akamruhusu binti yangu arudi darasani.

Mke wangu ndiye aliyechoka kugomba kwanza. Jioni alimketisha kando yake, akamfundisha kusokota pajani nyuzi za kufumia kikapu cha kiondo. Nywele ziliota, zikapotea, zikaota. Kila asubuhi nilimkagua kabla ya shule, hadi siku alipofunika kichwa kwa mikono miwili na kuniomba nisitazame. Nikaacha.

Nywele zilijaa kabisa alipokuwa darasa la nne. Kilichomsumbua hatukukijua, wala yeye hakukijua.