Meza ya Rukia

Saiba ya Kirit Bhai ilinuka dawa ya kuoshea picha. Kabla ya kuweka kompyuta tano mle ndani, Kirit Bhai alikuwa mpiga picha, na ile dawa ilikuwa imeingia ukutani kwa miaka mingi, haikutoka hata alipopaka rangi mpya. Ichanganye na joto la zile skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, na vumbi la Nakuru ambalo hupita chini ya mlango hata ukiziba kwa gunia, utapata harufu ambayo mimi hadi leo naiita harufu ya Agosti. Ilikuwa likizo ya mwaka wa 2007. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikisoma kidato cha pili, na nilikuwa nimetumwa kutoka kwetu Keringet kumsaidia shangazi yangu kuuza mitumba sokoni. Kila siku saa kumi alasiri shangazi aliniruhusu kuondoka, nami nilienda moja kwa moja saiba, huku mikono yangu bado ikinuka nguo za watu nisiowajua.

Dakika za mtandao zililipiwa, na mashine zilikuwa za polepole, kwa hiyo Kirit Bhai alikuwa na sheria moja: hakuna kukaa kwenye kompyuta bila karatasi. Kwanza uliketi kwenye benchi refu karibu na mlango, ukaandika kwa kalamu kila ulichotaka kufanya. Kama ni barua pepe, uliiandika yote hapo, na salamu zake. Ndipo uliposogea kwenye mashine kunakili. Mwisho wa benchi palikuwa na meza ndogo, na kwenye meza hiyo alikaa Rukia.

Rukia alikuwa msichana wa Bondeni, mtaa wa hapo Nakuru, mwenye miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogee karibu ili umsikie. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali ya watu wa benchi, na malipo yake yalikuwa saa moja ya mtandao kila jioni, bure. Mimi shangazi alinipa pesa za kutosha dakika ishirini kwa wiki. Kwa hiyo siku nyingine zote nilikaa benchini na karatasi tupu, nikijifanya naandika, nikimtazama. Kila Jumatatu alibandika ukutani dokezo moja aliloliandika kwa kalamu nene. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, bonyeza Ctrl na Z, kitarudi. Ukitafuta jina la mtu, lifunge kwa alama za kunukuu. Herufi zikiwa ndogo, shika Ctrl uzungushe gurudumu la kipanya. Hifadhi kazi yako kila baada ya mistari michache. Watu wazima, makarani na walimu, walisimama mbele ya ukuta ule wakinakili madokezo ya msichana.

Halafu kulikuwa na vitu vya kufurahisha alivyovigundua katika ile saa yake ya bure. Alipata ukurasa uliogeuza kibodi kuwa piano. Alipata mwingine wenye sauti za ndege, na siku hiyo saiba nzima ilinyamaza kumsikiliza korongo. Siku moja alimkalisha mzee mmoja kutoka Ndabibi, akamfungulia picha zilizopigwa kutoka angani, akazisogeza hadi akaifikia Naivasha, akapita ziwa, akatua juu ya bati moja.

"Hii ni boma yangu?" mzee akauliza.

"Ni yako, mzee. Ile ni barabara, huo ni mti wako."

"Na ng'ombe wako wapi?"

"Hii picha si ya leo, mzee."

"Ndiyo maana. Leo wangekuwa kwa jirani, wanakula mahindi yake."

Watu walicheka, na mzee akamwita Rukia daktari. Mimi nilicheka pia, lakini ndani yangu kitu kilikuwa kinauma. Niliitaka ile meza. Sikutaka meza kama ile, au meza nyingine kando yake. Niliitaka hiyo hiyo, na niliitaka bila Rukia. Usiku nilihesabu makosa yake, na kwa kuwa hakuwa nayo mengi, nilihesabu yale yale mara mbili.

Dakika zangu ishirini za wiki ya pili nilizitumia kutafuta kitu kimoja tu: dokezo ambalo Rukia hakulijua. Nililipata. Kwenye mashine zile, ukibonyeza Ctrl, Alt na mshale wa chini kwa pamoja, skrini yote hugeuka, kichwa chini miguu juu. Ukibonyeza mshale wa juu, inarudi. Nililinakili nyuma ya karatasi yangu, nikaikunja mara nne.

Jumamosi iliyofuata shangazi aliniachia asubuhi, na nilipofika saiba Rukia alikuwa kwenye kompyuta ya tatu na Mwalimu Nyaboke. Mwalimu alikuwa mama mzito mpole, aliyekuwa akifundisha mbali na watoto wake, na alikuwa anaandika barua ndefu ya kuomba uhamisho. Alitaka kuifikisha ofisini kabla haijafungwa saa sita. Rukia alikuwa akichapa huku mwalimu akisoma kutoka kwenye karatasi. Walikuwa katika ukurasa wa pili wakati mteja mmoja alipomwita Rukia aje aondoe karatasi iliyokwama kwenye printa. Mimi nilikuwa kompyuta ya nne, kwa dakika chache ambazo shangazi aliniongeza. Mwalimu aliinama kutafuta miwani mkobani. Nilinyoosha mkono, nikabonyeza vile vibonye vitatu.

"Rukia, mama, nimeguza nini?" mwalimu akasema.

Rukia alirudi, akatazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui. Alishika kipanya, mshale ukaenda kinyume na mkono wake. Alijaribu Ctrl na Z, ikafuta neno. Kirit Bhai alikuja, akainamisha shingo upande, kisha akaamua jambo ambalo sijawahi kuliona tena popote: aliwaita wanaume wawili kutoka benchini, wakaibeba skrini ile nzito na kuigeuza wenyewe, ikakaa kichwa chini juu ya meza. Barua ikasomeka.

"Sasa si iko sawa," akasema mmoja wao.

"Boss, hata nyumba ikipinduka tutaikalia hivyo hivyo?" mwingine akajibu, na saiba yote ikacheka.

Walipokuwa wakiisogeza ikae vizuri, waya wake ulivuta waya mwingine nyuma ya meza, na mashine ikazimika. Ilipowaka, skrini ilikuwa bado imegeuka, na katika barua ilirudi aya ya kwanza tu. Rukia hakuwa amehifadhi zaidi ya hapo.

Nilisimama. "Ngoja, Uncle." Nilibonyeza vibonye vitatu, na maandishi yakageuka. Wale wanaume wakairudisha skrini kwenye miguu yake, na watu wakanipigia makofi. Kirit Bhai hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Rukia. "Ukutani umeandika watu wahifadhi. Wewe mwenyewe hufanyi." Kisha akanigeukia, akaniuliza nimejulia wapi. Nikasema nimesoma. Akasema kuanzia Jumatatu niketi mezani. Mwalimu Nyaboke alikuwa anakunja karatasi yake polepole. Saa sita ilikuwa imepita.

Nilingoja Rukia akasirike. Alikuja nilipokuwa nimesimama, akasema, "Nionyeshe hivyo vitatu, Cherono." Nikamwonyesha. Akaviandika kwa kalamu yake nene, akabandika dokezo lake la mwisho, na chini yake akaandika kwamba limetoka kwangu. Hata hapo nilimwonea wivu. Mimi nisingeweza kufanya hivyo.

Nilikaa kwenye meza ile wiki mbili. Saa yangu ya bure niliipata kila jioni, na sikumbuki nilichokiona ndani yake. Ninachokumbuka ni watu wakichungulia mlangoni. "Rukia yuko?" Nikiwaambia ni mimi siku hizi, walisema sawa, wakaketi benchini wakisubiri, kana kwamba yuko njiani. Mwalimu Nyaboke alirudi Jumatatu, akauliza vivyo hivyo, kisha akaenda Bondeni kumtafuta.

Nilikusudia kumwambia ukweli likizo ya Desemba. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mama akasema nisitoke Keringet, na Januari ilipofika barabara zilikuwa zimefungwa kwa ghasia na hakuna aliyekuwa akifikiria kompyuta. Niliporudi Nakuru katikati ya mwaka wa 2008, mlango wa Kirit Bhai ulikuwa wa duka la viatu, na watu wa kwa kina Rukia walikuwa wamehamia pwani.

Sasa nimepita miaka thelathini, na nimekaa Kericho, Eldoret, Malindi na Juba, hakuna mahali nimemaliza miaka mitatu. Yote niliyoyatamani kwenye benchi lile nimeyabeba mfukoni, saa ishirini na nne, na hakuna anayehitaji kumuuliza mwenzake lolote. Kila mtu huinamia simu yake na kupata jibu peke yake. Lakini katika kila ofisi bado hutokea mtu mmoja ambaye wenzake humwendea mezani hata bila swali, na ndani ya wiki moja huwa nimeshamjua, na huwa nimeanza kumchukia.

Mwaka jana nilikutana Mombasa na mtu aliyekulia Bondeni, nikamuuliza habari za Rukia. Akasema yuko, anashona nguo, na kompyuta hazitaki, huwaachia wanawe. Nilifurahi. Sitaficha hilo: nilifurahi kabla sijaona haya. Kisha akaongeza kwamba dukani kwake watu hawakauki, hata wasio na nguo ya kushona huenda kuketi tu. Akaniuliza kama anipeleke, ni karibu, dakika kumi kwa miguu. Nikamuuliza basi la kwanza la kesho linaondoka saa ngapi.