Dereva Wangu wa Zamani na Gari Lisilo na Klachi

Kwa miaka mingi nilikuwa muuguzi kwenye zahanati moja upande wa Mwaya, na gari letu la wagonjwa liliendeshwa na mtu mmoja tu. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na wagonjwa walimpenda kwa jinsi alivyobadilisha gia. Mama mwenye uchungu alilala nyuma, mimi nimemshika mkono, barabara ya kwenda Kyela imefunikwa na maji ya majaruba ya mpunga, na dereva alitoka gia ya pili kuingia ya tatu bila sisi kutikisika. Tulijua kwa mlio wa injini tu. Nikimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," alinijibu bila kugeuka, "Sista, wewe mwangalie mama. Gari niachie mimi."

Alistaafu kabla yangu, akarudi kwenye kokoa zake Bujonde. Zamu yangu ilipofika, nilinunua gari dogo la otomatiki, lililokwishatumika. Jumamosi moja nikampitia twende sokoni Kyela. Ukweli ni kwamba nilitaka anione nikiendesha.

Tulipofika kwenye lami nikakanyaga mafuta ili niingie barabarani. Gari likasita. Lori la mpunga lilikuwa linakuja, linapiga honi, na sisi tumesimama nusu njiani. Kisha gari letu likaruka mbele kwa nguvu hata kofia ya mzee ikamdondokea magotini.

"Umeachia klachi vibaya," alisema.

"Halina klachi, mzee wangu."

"Basi kaboreta imeziba."

"Nayo halina."

Aliinama akatazama miguuni kwangu, akaona pedali mbili. Akaokota kofia yake, nami tulipofika mjini nikalipeleka gari gereji kwanza.

Fundi aliunganisha mashine yake ya kupimia, akasoma, halafu akafungua boneti. Alituonyesha throto, yaani kile kilango kinachoingiza hewa kwenye injini, kimeganda masizi. Oili ya giaboksi nayo ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

"Waya wa mafuta uko wapi?" mzee akamuuliza.

"Siku hizi hakuna waya, mzee. Ukikanyaga, kompyuta inapata taarifa, yenyewe ndiyo inafungua throto."

"Na yenyewe ikichelewa?"

"Basi na wewe unachelewa."

Fundi alicheka. Mzee wangu akaenda kukaa kwenye benchi, mikono mifukoni. Mikono ile iliwahi kufunga silensa kwa waya wa uzio katikati ya mvua, tukafika hospitali na mama akajifungua salama. Nilijuta kumleta.

Kazi ilipokwisha, throto imesafishwa na oili imebadilishwa, fundi akaniambia niliendeshe taratibu kidogo ili kompyuta ijifunze upya. Nikamgeukia mzee. "Basi liendeshe wewe."

Alikataa. Nikampa ufunguo, nikazunguka upande wa pili, nikakaa. Akaja.

Mwanzoni mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi, ukaangukia breki, tukasimama ghafla katikati ya bajaji. Tulicheka mpaka machozi yakanitoka. Akauvuta ule mguu nyuma, karibu na kiti, akauacha huko. Tulipotoka mjini kuelekea Mwaya, mkono wake wa kushoto haukubanduka kwenye gia, ingawa haukuwa na kazi yoyote pale. Alikuwa anasikiliza. Injini ilipopanda mlio, akalegeza mafuta kidogo, gari likabadilisha gia, wala sikuhisi kitu.

"Umeona?" alisema. "Nalo linataka kubembelezwa."

Nikatazama nje. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita dirishani, na kwa muda nilikuwa tena na umri wa miaka ishirini na kitu, nimevaa gauni jeupe lenye matope kwenye pindo.

Ziwani, kule Mwaya, tulinunua samaki wawili wakubwa aina ya mbasa, tukarudi. Gari halikupona kabisa. Bado husita kidogo linapoondoka, na fundi anasema mengi ya aina hiyo yako hivyo. Nimejifunza kusubiri barabara iwe tupu. Mzee hajaomba tena kuendesha. Nikimpitia hukaa pembeni yangu, na kila injini inapopanda mlio hunong'ona, "Legeza, Sista," nami nalegeza.