Siku Nilipoliongoza Kundi Zima Hadi Chooni

Naomba mnisikilize bila kunikatiza, kwa sababu nikikatizwa nitaona aibu upya na sitamaliza. Mkasa huu wenzangu wameusimulia miaka yote kwenye harusi na misibani (ndiyo, hata misibani, watu hawana huruma), na kila mmoja anautia chumvi yake, mmoja alifika mahali pa kusema nilibebwa kwenye toroli. Sikubebwa kwenye toroli. Nilitembea kwa miguu yangu, nimevaa kitenge cha mwanamke, na leo nataka niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile ya vita. Nilikuwa kijana, nauza vipuri vya magari pale mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, naishi chumba kimoja nyuma ya gereji, na kila Jumapili asubuhi nakimbia na klabu yetu. Mtu asiye wa Bujumbura anashangaa nikimwambia kwamba usiku tulikuwa tunasikia risasi kutoka milimani na asubuhi tunavaa raba na kukimbia tukiimba, lakini ndivyo tulivyokuwa, wanaume kwa wanawake, wenye vitambi na wenye mbavu za kuhesabika, tunapanda kilima cha Kinanira tukipiga makofi kila mguu wa kushoto unapokanyaga, na nawaambia kweli, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mji umekunja uso wiki nzima, kisha Jumapili watu wanatoka nje wanatokwa jasho kwa hiari yao. Nikikumbuka mpaka leo nasikia fahari.

Sasa, klabu ilikuwa na sheria moja iliyoletwa na vita. Anayeongoza nyimbo anakimbia mbele na firimbi shingoni, na akikata kona, wote wanakata kona. Hakuna kuuliza kwa nini. Maana wa mbele ndiye anaona kwanza kama kuna kizuizi cha askari au kama watu wanakimbia kuja upande wenu, na siku moja mwenzetu alisimama kuuliza «tunaenda wapi?» akarudi nyumbani na tundu kwenye mkono. Tangu hapo hakuuliza mtu. Wa mbele akiingia shambani, tunaingia shambani. Na wa mbele, miezi ile, nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na sauti (akili ni habari nyingine).

Katika klabu ile alikuwemo Furaha, mtoto wa watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, waliokimbilia kwetu, wakapanga nyumba Kinanira, yeye na mama yake wanauza vitenge sokoni. Furaha alikuwa hakimbii upesi kuliko wengine wala hakuwa na maungo ya ajabu, lakini alikuwa anakaa na mwili wake kwa amani namna ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu yeyote. Akichoka, anatembea, haoni haya, anatembea huku anaimba. Akisikia kiu anakunywa. Usiku wa risasi sisi wengine tulikuwa tunakesha tumetumbua macho, yeye anajilaza sakafuni chini ya dirisha, anajishika tumbo, anapumua taratibu mpaka usingizi unakuja (alinieleza mwenyewe, na nilipojaribu nilipata mafua tu). Nilimpenda kwa ajili hiyo. Wengine walisema nilimpenda kwa ajili ya macho yake, na macho pia yalikuwepo, sikatai.

Mimi na mwili wangu tulikuwa hatuongei. Niliuchukulia kama gari la kukodi, nitie mafuta twende, likilia nipandishe sauti ya redio. Na kichekesho ni kwamba mchana kutwa niko dukani nawahubiria madereva: ukisikia injini inagonga, simama, usibishane nayo.

Basi Jumapili ya mkasa ndiyo niliyotakiwa kwenda kwa kina Furaha, saa za mchana, na mjomba wangu, kujitambulisha kwa baba yake. Mzee yule (tulimwita Papa Furaha) alikuwa hataki kusikia habari zangu. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa kule kwao, akapoteza yote, akawa mtu wa kukaa ndani, haongei, hacheki, na binti yake wa pekee kuolewa na muuza vipuri halikuwa jambo la kumrudishia maneno mdomoni. Mwishowe alisema, «Aje nimuone.» Mara moja tu. Furaha aliniambia wazi kwamba asiponipenda siku hiyo hatabadilika, na yeye hataolewa bila baba yake kukubali, kwa sababu mzee amepoteza vya kutosha. Kwa hiyo mnajua nilichokuwa nimebeba siku hiyo.

Jumamosi jioni nikafunua sufuria ya maharage yaliyopikwa Alhamisi. Pua yangu ikasema hapana. Nikaiambia pua, makaa yamepanda bei, na maharage ni maharage. Nikala. Alfajiri tumbo likanguruma, nikiwa tayari na raba miguuni na firimbi shingoni, nikajua kabisa kwamba ninatakiwa niende kwanza uani, lakini wenzangu walikuwa wamefika njia panda wanapiga makofi, wananiita, na nikaona aibu (aibu hiyo ndogo, Mungu wangu) kuwaambia watu arobaini hivi wangoje kwa sababu ya choo. Nikauambia mwili: tulia, mkubwa hapa ni mimi. Nikapuliza firimbi.

Mpaka chini ya Kinanira mambo yalikwenda. Pale Furaha alikuwa anatungojea kama kawaida yake, akajiunga karibu na mimi, akanitazama usoni.

«Eva,» akasema (naitwa Evariste), «rangi yako imebadilika. Jasho hii si ya mbio. Simama kidogo, mwili unakuita.»

«Utangoja,» nikasema.

«We, mwili haungoji. Unakuachia tu uongee.»

Nikapandisha wimbo juu zaidi ili nisimsikie, na yeye akarudi nyuma katikati ya kundi, na mimi nikakishambulia kilima.

Katikati ya kilima ndipo nilipoelewa kwamba mazungumzo yamekwisha. Miguu ilianza kukimbia haraka kuliko wimbo. Nilikuwa na baridi na joto kwa pamoja. Kushoto kuta, kulia kuta, mageti ya watu wazito yamefungwa, na katika kilima chote kile nilijua mlango mmoja tu unaobaki wazi Jumapili asubuhi kwa ajili ya mleta maziwa, na nilijua kwamba ndani, mkono wa kuume, kuna choo cha uani ambacho wenye nyumba wanakitumia kwa sababu maji ya bomba yanakatika. Nilikijua kwa sababu nilikuwa nimewahi kumsindikiza Furaha mpaka pale. Akili ilisema usithubutu. Miguu ilikuwa imeshakata kona.

Na sheria, jamani, sheria mnaikumbuka. Nilisahau mimi peke yangu. Kundi zima lilikata kona nyuma yangu, wimbo ukakatika hapo hapo, wakaingia kwa geti dogo kwa kusukumana, na kwa kuwa walijua mtu wa mbele haingii kwa watu mbio namna ile bila kuona jambo la kutisha barabarani, wote wakalala kifudifudi kwenye bustani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ya mama Furaha, kimya, mikono kichwani. Mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa bati, nimeusukuma, umefungwa kwa ndani, nikaanza kuupiga kwa ngumi zote mbili.

Kutoka ndani sauti ya mtu mzima, ndogo sana, ikasema, «Mi niko peke yangu humu. Televisheni iko mu salon, bebeni. Wanamuke musiwaguse.»

Nikajua hiyo ni sauti ya nani. Natamani ningeweza kusema kwamba niliondoka.

«Papa, apana televisheni,» nikasema. «Ni tumbo.»

«Tumbo gani?»

«Tumbo yangu, papa. Naomba utoke, nisaidie.»

«Muko wangapi?»

«Arobaini hivi, papa, lakini mwenye shida ni mimi peke yangu.»

Alifikiri. Nilimsikia akifikiri. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka, akatoka Papa Furaha ameshika suruali kwa mkono mmoja na mkono mwingine ameuinua juu kama mateka, na kwetu mtu anayekwenda kuomba binti humkuta baba ameketi, amevaa vizuri, amejiandaa, sasa sisi tulitazamana namna hiyo, uso kwa uso, na mwili wangu, ambao ulikuwa umeshachoka kungoja tuyamalize mazungumzo yetu, haukungoja tena.

Nitapita hapo haraka. Niliingia, nikafunga, nikakaa mule ndani, na kutoka nje nikasikia mtu wa klabu anauliza kwa kunong'ona, kutoka kwenye lengalenga, askari wako upande gani. Nikaomba ardhi ipasuke. Kisha nikasikia miguu, na ndoo ikawekwa chini mlangoni, na juu ya mlango ikatupwa sabuni na kitenge kipya kilichokunjwa.

«Oga polepole,» akasema Furaha, sauti ile ile ya kila siku. «Usikimbie tena leo. Nipe firimbi.»

Nikaipitisha chini ya mlango. Akawaambia wenzetu barabarani hakuna kitu, Evariste ameugua, inukeni, na wale watu wazima wakainuka, wakajifuta udongo. Firimbi ikalia na wimbo ukaanza upya, Furaha mbele, wote nyuma yake, nikausikiliza mpaka ukafika juu kabisa ya kilima. Mule chooni, na hali yangu ile, nilijisikia kumheshimu mtu kuliko nilivyowahi kuheshimu mtu yeyote maishani.

Nilitoka nimejifunga kitenge (kilikuwa cha rangi ya machungwa, chenye ndege). Mama Furaha alikuwa uani, amegeuzia uso ukutani kwa heshima, mabega yanatikisika. Mzee alikuwa amejifungia ndani. Nikashuka Kinanira hivyo hivyo, mpaka Buyenzi, na mafundi wote wa gereji walikuwa macho.

Nilimwambia mjomba hatuendi. Nililala nikageukia ukuta. Furaha alipopita kurudisha firimbi alisimama mlangoni, akanisikiliza nikieleza kwamba nitahamia mji wa Ngozi, mbali kabisa, kwamba baba yake hawezi kunitazama tena, na hakubishana.

«Asubuhi mwili wako ulikuja kwetu peke yake,» akasema. «Mchana njoo na we mwenyewe.»

Akaenda zake. Nikainuka, nikaoga tena, nikavaa suti ya mjomba, tukaenda.

Papa Furaha alikuwa ameketi, amevaa koti, amejiandaa. Mjomba akasema maneno yake yote mazuri, akamaliza, na mzee alikuwa ananitazama mimi. Mama Furaha alikuwa anamimina chai, na mvuke wa chai ndicho kitu pekee kilichokuwa kinasogea chumbani.

«Kijana,» akasema hatimaye, «kule Uvira walipiga mulango yangu vile vile. Ngumi mbili, bila hodi. Walitaka kila kitu, na wakachukua kila kitu. Leo asubuhi nasikia miguu ya watu wengi, nasikia ngumi, nikasema basi, wamenifuata mpaka huku. Alafu nasikia mutu analia. Anataka choo.»

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo nilianza kusikia kabla ya kuona. Ilianza kama kikohozi. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka akashika meza, akacheka machozi yakashuka hayafuti, akarudia «mwenye shida ni mimi peke yangu», akacheka tena mpaka kiti kikalia, na mama Furaha aliacha kumimina, akasimama na birika mkononi anamtazama mumewe, maana kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu wavuke mpaka. Furaha alikuwa amejiziba uso kwa viganja. Na mimi nililia pale pale, mbele ya wakwe, kwa sababu mwili ulitaka kulia na nilikuwa nimechoka kuukatalia.

Mzee alipopata pumzi alimgeukia mjomba. «Hayo mengine tutaongea sisi wazee,» akasema. «Lakini huyu, mi nimeshamujua mpaka ndani.»

Hivyo ndivyo nilivyooa. Watu wakinicheka nawaacha wacheke. Nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja hata siku moja, kwamba mwili wangu ukisema neno nitasimama niusikilize, hata niwe mbele ya wakubwa wa namna gani, hata niwe katikati ya hotuba yangu mwenyewe. Naomba ruhusa, naenda, narudi, naendelea, na wanaoningoja wananikuta mzima.